Kasoro Itajwayo Hadharani

Wasikilizaji wa mji wa Bunia, nanyi mnaotusikia kutoka Irumu, Djugu, Mahagi, Aru na Mambasa, jioni hii nazungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekibeba mfukoni pasipo kukitazama, nacho ni ule msimbo uendeshao simu zetu na kompyuta zetu, na hususan namna mafundi wa programu huria wanavyoutengeneza pindi uharibikapo. Huenda baadhi yenu mkadhani kwamba habari hii ni ya watu wa mbali, wenye vyuo vikubwa na umeme usiokatika. Lakini simu ya Android, hata ile ya bei nafuu kabisa inayouzwa kando ya Boulevard de la Libération, ndani yake mna kiini cha Linux, yaani ile programu ya msingi iongozayo mashine nzima, nacho ni kiini kile kile alichokitangaza Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, mwezi wa Agosti 1991, na ambacho tangu siku ile kimepita mikononi mwa maelfu ya watu, wengine wakilipwa ujira na makampuni, wengine wakifanya kwa hiari yao. Basi kikiharibika, kimeharibika kwetu pia.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake u wazi, na mwenye kutaka ana haki ya kuusoma, kuunakili, kuubadilisha na kuwapa wengine. Wapo wasemao kwamba kilicho wazi hakina kasoro, na usemi huo si kweli hata kidogo: kasoro zimo, tena nyingi, na baadhi zimelala humo miaka na miaka ijapokuwa macho ya watu yalipita juu yake kila siku. Fadhila ya mafundi hawa naiona mahali pengine. Kwao kasoro hutajwa mbele za watu, hupewa tarehe, aliyeiona huandikwa jina lake, na atengenezaye hana budi kueleza kwa maandishi sababu ya uharibifu, wala haitoshi aseme kwamba sasa mambo yamekaa sawa. Desturi hiyo naistahi sana, na kwa itikadi yangu ndiyo iliyowafikisha hapo walipo.

Nianze na kisa cha umeme kukatika, madhali hapa kwetu hakuna ahitajiye kufafanuliwa maana yake. Mwanzoni mwa mwaka 2009, watu waliokuwa wakijaribu toleo la Ubuntu, mfumo utumiao kiini cha Linux, lililokuwa bado halijakamilika waliona jambo la kutisha: kompyuta ilipozimika ghafla, wakaiwasha tena, walikuta baadhi ya mafaili yaliyohifadhiwa punde tu yamebaki majina matupu, ndani hamna hata herufi moja. Chanzo kilikuwa mfumo mpya wa kupanga mafaili diskini, uitwao ext4. Mfumo uliotangulia, ext3, kwa kawaida ulikuwa ukiyapeleka maandishi diskini kila baada ya sekunde 5 hivi. Ule mpya, kwa kutafuta kasi, uliyaacha yakae katika kumbukumbu ya muda kwa kitambo kirefu zaidi, nusu dakika au kupita, ndipo ukayaandika. Sasa, programu nyingi zina mazoea ya kuhifadhi kazi kwa hatua mbili: kwanza huandika faili jipya pembeni, kisha hulipa jina la faili la zamani, na lile la zamani likafutika. Katika ext4 jina liliweza kutangulia kufika diskini na maandishi yakachelewa. Umeme ukikatika katikati ya hatua hizo, la zamani limekwisha kuondoka na jipya halijawasili.

Fikirini juu ya karani wa mojawapo ya vile vibanda vya kuchapa na kufotokopia nyaraka ambavyo tunaviita sekretariati, amechapa hati ya mtu asubuhi nzima, jenereta likanyamaza, naye akajua kwamba amehifadhi kazi yake mara nyingi kadiri alivyofundishwa. Atamlaumu nani? Swali hili ndilo lililozuka mwaka ule, na majadiliano yake yalikuwa makali. Theodore Ts'o, mtunzaji mkuu wa ext4, alieleza kwa uvumilivu kwamba kanuni za POSIX, ambazo mifumo ya jamii hii huzifuata, hazikuahidi kamwe kwamba faili litafika diskini kabla programu haijaomba hivyo kwa amri maalumu, na kwamba kosa lilikuwa la programu zisizoomba. Kwa mujibu wa kanuni alikuwa na haki. Walakini hakuishia hapo: aliandika viraka, yaani marekebisho ya msimbo, vilivyokifanya kiini kuitambua ile desturi ya hatua mbili na kuyasukuma maandishi diskini pamoja na jina, navyo viraka hivyo viliingia katika kiini cha 2.6.30, mwaka ule ule wa 2009. Mimi nakiona kitendo hicho kuwa ni cha insafu kubwa. Mwenye kanuni mkononi aliweza kuwaambia maelfu ya waliopoteza kazi zao kwamba warudi kwa waandishi wa programu zao wakadai haki. Badala yake alikubali kubeba mzigo usiokuwa wake, kwa kuwa mtumiaji aliyeketi mbele ya kioo hana njia ya kuzijua kanuni hizo, wala hapaswi kuzijua.

Torvalds mwenyewe ameishika kwa muda mrefu kanuni iliyo karibu na hiyo, tena kwa ukali unaojulikana: badiliko la kiini likivunja programu iliyokuwa ikifanya kazi jana, kosa ni la badiliko, hata kama programu ile iliandikwa vibaya, na badiliko sharti lirekebishwe au liondolewe.

Ama namna ya kulipata badiliko lenye kosa, hiyo nayo yastahili kuelezwa, maana ni sanaa ambayo kijana yeyote wa Bunia mwenye subira anaweza kuifanya. Kiini cha Linux hutoa toleo jipya kila baada ya wiki 9 au 10, na katika kila toleo huingia mabadiliko zaidi ya 10,000. Ikiwa kompyuta yako ilitoa sauti katika toleo lililopita na katika hili imenyamaza, utampata wapi mkosaji katika umati huo? Mafundi hutumia Git, chombo alichokiunda Torvalds mwezi wa Aprili 2005, ambacho huweka kumbukumbu ya kila badiliko, mwandishi wake na saa yake. Chombo hicho hukupeleka kwenye badiliko la katikati kabisa. Unaujenga mfumo kama ulivyokuwa siku ile, unawasha, unasikiliza. Sauti ikiwapo, nusu yote ya mwanzo imetakasika. Isipokuwapo, mkosaji yumo katika nusu hiyo. Kisha unaigawa nusu iliyobaki, na nusu ya nusu, na kwa majaribio 14 tu kati ya mabadiliko 10,000 hubaki moja, lenye namba yake na jina la aliyeliandika. Aliyefanya kazi hiyo si lazima ajue kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Anahitaji mashine yenye ugonjwa ule, umeme wa kutosha kuiwasha mara kadhaa, na uaminifu wa kuandika kile alichokiona bila kupunguza wala kuongeza. Tena mashine za huku kwetu, zilizotumika Ulaya miaka mingi kabla ya kuja sokoni kwetu, mara nyingine ni za aina ambazo fundi wa Helsinki au wa Portland hanazo tena mezani pake. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bunia aliye na mashine ya namna hiyo ameshika ushahidi ambao fundi yule hawezi kuupata kwa njia nyingine.

Sababu ikiisha kujulikana, huandikwa kiraka. Ningependa mkione kwa karibu, kwa kuwa umbo lake lina adabu nzuri. Juu kuna mstari mmoja unaosema ni nini kilichotengenezwa. Chini yake maelezo kwa lugha ya kawaida, ya kwamba tatizo lilikuwa hivi, lilitokea kwa sababu hii, na dawa hii imechaguliwa kwa ajili ya hili na hili. Kisha hufuata msimbo, mistari iliyoondolewa ikianza kwa alama ya kutoa na iliyoongezwa ikianza kwa alama ya kujumlisha. Pamoja na maelezo hayo hupangwa majina: aliyeripoti, aliyejaribu, aliyepitia na kuridhika, na wenye kutia sahihi, kuanzia mwandishi hadi mtunzaji aliyekipokea. Mara nyingi mstari mmoja hulitaja kwa namba yake badiliko la zamani lililoleta madhara, ili wanaotunza matoleo ya zamani wajue ni wapi kiraka kinahitajika. Desturi ya sahihi iliingia mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kufungua kesi mahakamani juu ya asili ya msimbo wa Linux, na tangu hapo kila mstari una mtu aliyeudhamini kwa jina lake. Jina la aliyeripoti limo humo humo, katika daftari moja na la mtunzaji mkuu, wala halifutiki.

Mwezi wa Oktoba 2016 ilifichuliwa kasoro iliyopewa jina la Dirty COW, ambayo ilimwezesha mtu asiye na mamlaka katika kompyuta ajitwalie mamlaka yote, na ambayo ilikuwamo katika kiini tangu mwaka 2007, hata katika simu. Aliyeandika kiraka ni Torvalds mwenyewe, na katika maelezo yake alisema waziwazi kwamba yeye alijaribu kulitengeneza jambo lile miaka 11 nyuma, akalitengeneza vibaya, na kwamba matengenezo yale yaliondolewa baadaye kwa sababu ya matatizo katika kompyuta kubwa za IBM. Maneno hayo yamo katika kumbukumbu ya mfumo wenyewe, kila mtu ayasome. Nimeyafikiri mara nyingi. Mkubwa wa kazi, ambaye dunia nzima inamtazama, aliyataja makosa yake katika hati rasmi kwa sababu bila kuyataja maelezo ya kasoro yangepungua, na fundi ajaye asingejua kwa nini dawa ya kwanza haikufaa.

Wala isidhaniwe kwamba kila kutengeneza ni kuponya. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian, mfumo ambao Ubuntu umezaliwa humo, aliletewa malalamiko kwamba chombo cha kukagua kumbukumbu kilikuwa kikionya juu ya mistari fulani ya OpenSSL, ile programu itengenezayo funguo za siri za mawasiliano. Aliuliza kwa wenye OpenSSL, akapata jibu alilolielewa kuwa ni ridhaa, akaiondoa mistari hiyo, na onyo likatoweka. Kumbe mistari ile ndiyo iliyokuwa ikikusanya bahati nasibu itumikayo kutunga funguo. Ilipoondoka, kilichobaki kuzitofautisha ni namba ya kazi inayoendeshwa kompyutani, ambayo haizidi 32,768. Ufunguo uliopaswa kuwa mmoja katika hesabu isiyosemeka ukawa mmoja kati ya elfu thelathini na ushei, na mwizi aliweza kuzijaribu zote mchana mmoja akazimaliza. Hali ilidumu karibu miaka miwili, hata Luciano Bello, mwenzao katika Debian, akaigundua, na tarehe 13 Mei 2008 ikatangazwa kwa ulimwengu wote. Haikutosha kuirudisha mistari. Kila ufunguo uliozaliwa katika muda ule ulikuwa batili hata ukihamishiwa mfumo mwingine, na kwa hiyo zilitolewa orodha za funguo dhaifu na programu za kuzitambua, na watu wakaombwa kuzitunga upya. Kiraka kilinyamazisha onyo kabla mtu hajaeleza onyo lilisema nini, na hapo ndipo ninapoona uzito wa lile sharti la kuandika sababu.

Watu wa OpenBSD, mradi wa mfumo mwingine huria wa kompyuta ulioanzishwa na Theo de Raadt mwaka 1995 huko Calgary, nchini Kanada, wamekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 1996 wana timu ipitiayo msimbo wote faili kwa faili, na wakipata kosa la aina mpya mahali pamoja, hulitafuta kosa la aina ile ile katika mfumo mzima, hata kama hakuna aliyelalamika.

Sasa nije mpakani kwetu. Mfanyabiashara atokaye Mahagi kwenda Goli, au Aru kwenda Vurra, au avukaye Ziwa Albert kutoka Kasenyi kuelekea Ntoroko, anajua kwamba akikanyaga upande wa pili saa imeruka, kwa kuwa Uganda iko mbele ya Greenwich kwa saa 3 na sisi kwa saa 2. Na ndugu zetu wa Kinshasa, ijapokuwa nchi ni moja, wako nyuma yetu kwa saa nzima. Simu na kompyuta hujuaje haya? Hujua kwa orodha moja ya saa za dunia, aliyoianza Mmarekani Arthur David Olson katika miaka ya 1980, ambayo tangu mwaka 2011 iko chini ya ulinzi wa IANA, chombo kitunzacho namba na majina ya Intaneti, na kusimamiwa na Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, na ambayo imo katika Linux, katika Android, katika OpenBSD na kwingineko. Kongo ina majina mawili humo, Kinshasa na Lubumbashi. Mtu wa Bunia achaguaye Kinshasa kwa kuona kwamba ndiyo mji mkuu wake atachelewa saa nzima katika kila miadi, maana saa yetu ni ya Lubumbashi.

Jirani zetu wa Sudan Kusini walikuwa tangu Januari 2000 wakifuata saa 3 mbele ya Greenwich, hadi serikali yao ilipoamua kwamba kuanzia tarehe 1 Februari 2021 saa zirudishwe nyuma kwa saa moja. Watunzaji wa orodha walitoa toleo jipya tarehe 24 Januari, siku nane kabla. Kwa upande wa msimbo, kazi ilikuwa ndogo: katika sehemu ya Juba mstari uliokuwapo ulipewa tarehe ya mwisho, na mstari mmoja ukaongezwa chini yake. Lakini mstari huo ulipita kwa watunzaji wa mifumo yote, wakautia katika matoleo yao, na hivyo seva iliyowekwa kokote duniani ikajua kwamba Juba na Bunia sasa zafuata saa ile ile. Watunzaji hao hao wa orodha, mwezi wa Desemba 2020, walirekebisha hata kumbukumbu za saa za Kenya na jirani zake za tangu 1908 hadi 1960, kwa sababu mtu mmoja alizichunguza hati za zamani na kuonyesha palipoandikwa visivyo. Na katika kipindi hicho ilikuwamo miaka ambayo Nairobi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Nani aliyewalazimisha? Hakuna. Rekodi ilikuwa na kosa, mtu akaleta ushahidi, wakaitengeneza.

Iko huzuni moja ambayo siwezi kuipita. Kiraka kikiisha kuingia katika kiini hakiruki chenyewe kikafika simuni. Hupita kwa mtengenezaji wa simu, naye akiona kwamba aina ile ya bei nafuu imekwisha kuuzwa, mara nyingi huacha kuishughulikia. Basi kasoro iliyoponywa miaka mitano nyuma huendelea kuishi mfukoni mwa mama auzaye samaki wa Tchomia, ambaye fedha yake yote imo katika simu hiyo. Mafundi wamefanya yao, na njia ya kumfikia imefungwa na watu wengine. Dhuluma hii yafaa itajwe, kwa maana hao watengenezaji wa simu hutumia bure kazi ya maelfu ya watu.

Na mbele yetu iko tarehe ambayo haitamsubiri mtu. Kompyuta za biti 32 huhesabu wakati kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970, na hesabu yao hujaa katika sekunde ya 2,147,483,647, itakayofika Jumanne tarehe 19 Januari 2038, kwa saa ya Bunia saa 11 na dakika 14 alfajiri na sekunde 7. Sekunde ifuatayo, mashine isiyotengenezwa itadhani kwamba ni Desemba 1901. OpenBSD walikwisha kubadili hesabu hiyo katika toleo la 5.5, mwezi wa Mei 2014, wakikubali kuvunja programu za zamani ili wasonge mbele. Kiini cha Linux kikawa tayari kwa mashine za biti 32 katika toleo la 5.6, mwaka 2020. Debian nao wakazijenga upya programu kwa maelfu, na matunda yake yalitoka katika toleo la 13, mwezi wa Agosti 2025, ila kwa kompyuta za zamani kabisa za jamii ya i386, ambazo waliziacha katika hesabu ya kale ili programu zake za zamani zisivunjike. Mashine za namna hiyo bado zipo madukani na maofisini mwetu. Basi kijana aliye nayo, baada ya kunakili mafaili yake yote mahali pa salama, aipeleke saa ya mashine mbele hadi alfajiri ya siku ile, afungue programu azitumiazo moja baada ya nyingine, kisha awaandikie watunzaji wa mfumo wake: mashine ni ya aina gani, toleo ni lipi, nini kilifanya kazi na nini kilikwama.